Kutoka Manamba Hadi Mkataba wa Hali Bora (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa manamba. Vijana wa Songea waliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944, wakapelekwa Tanga na kwingineko. Malipo yalikwenda kwa kipande, yaani kadi ya kazi: mpaka siku 30 za kazi zitimie. Aliyeugua katikati alikaa bila kitu, na mke aliyebaki nyumbani Songea akilima peke yake hakujua kama mumewe angerudi na nguo za watoto au mikono mitupu.

Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kilipokuwa na kazi. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na Katibu Mkuu wake akawa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Wilaya ya Songea. Madai ya wafanyakazi yakapata sauti moja, na baada ya Uhuru yakaanza kuingia katika sheria: kiinua mgongo 1962, mfuko wa akiba 1964. Bahati mbaya, mwaka huohuo wa 1964 TFL ilivunjwa, kikaja chama kipya cha wafanyakazi, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Naamini kipindi kile kiliwazoesha wanachama kusubiri kuletewa haki badala ya kuidai.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imerudisha nafasi ya kudai. Wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama. Chama chenye wafanyakazi walio wengi mahali pa kazi hujadiliana na mwajiri, na makubaliano yao, yaani mkataba wa hali bora, yanaweza kuzidi kiwango cha sheria. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mkataba unaweza kuongeza, na ukaweka posho ya nyumba au gharama za mazishi. Familia yenye uhakika huo hulipa ada ya shule bila kuuza mahindi yangali shambani.

Faida nyingine haionekani mpaka siku ya msiba wa kazi. Mlinzi aliyeachishwa bila sababu ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakimbembeleza bosi. Kiongozi wa tawi anayejua kazi yake humsaidia kufungua shauri mapema, kisha husimama naye mbele ya msuluhishi. Tawi lisilofanya hivyo linakata ada bure, na wanachama wana haki ya kulibadilishia uongozi.

Juma lijalo: vibarua wa msimu, wanaovuna kahawa na kupakia mahindi bila mkataba wowote wa maandishi.