Ukitishwa korti kwa sababu ya deni la simu

Ujumbe wenyewe hupenda kuingia Ijumaa jioni, wakati ofisi zimefungwa na hakuna wa kuuliza. Unasema kesi yako imefika kortini, ulipe kabla ya saa mbili usiku la sivyo polisi na dalali wako njiani. Jina la korti halipo. Nambari ya kesi haipo. Nambari ya kutuma pesa ni ya mtu binafsi. Mama wa soko pale Masii aliyekopa elfu tano anunue ndengu, na bei ikaanguka kabla hajauza, atauza kuku au kukopa kwa programu nyingine ili alipe kabla ya hiyo saa mbili. Hapo deni moja limezaa la pili.

Tuelewane kwanza: ulikopa, unadaiwa. Hatukufundishi kukwepa. Lakini kati ya SMS ya vitisho na korti yenyewe kuna safari, na ukiijua hutalipa kwa hofu wala kumlipa mtu asiyestahili.

Mkopeshaji akiamua kwenda kortini, anafungua kesi. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Kesi huko inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Kesi ikishafunguliwa, lazima upewe samansi. Karatasi hiyo ina jina la korti, muhuri, nambari ya kesi, jina la anayekudai na lako, na inakupa siku za kujibu. Kwenye madai madogo ni siku 15.

Sasa hapa wengi hukosea. Utasikia watu wakisema samansi ya kweli haiji kwa simu. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu samansi kutumwa kwa barua pepe na hata kwa programu kama WhatsApp. Kwa hivyo usifute kila kitu kwa hasira. Fungua uone: kuna hati iliyoambatishwa, au ni maneno makali tu? Kama kuna nambari ya kesi, iulizie kwenye registri ya korti iliyotajwa. Tumia nambari ya simu uliyoipata kwenye tovuti ya Mahakama, si ile iliyokuja na ujumbe, maana tapeli naye atapokea na kukuhakikishia kila kitu. Aliye Mwala anaweza pia kuingia registri ya Machakos, Kangundo au Kithimani aelekezwe, hata kama kesi imefunguliwa Nairobi.

Ukipuuza samansi halisi, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikizwa. Ukijibu, una nafasi ya kupinga hesabu au kukubali deni na kuomba ulipe polepole kila mwezi. Korti ina uwezo wa kukubali hivyo.

Dalali je? Kwa mkopo wa kawaida usio na dhamana, haji kabla ya hukumu. Akija awe na waranti ya korti, aandike orodha ya mali, akuachie notisi ya siku saba. Nguo zako, sufuria, kitanda na matandiko hazichukuliwi. Wala vifaa vya kazi vya fundi: mchongaji wa Wamunyu abaki na patasi zake. Lakini kama uliweka logbook ya pikipiki kuwa dhamana, hiyo ni hadithi nyingine. Mkataba wako unaweza kuwa unamruhusu mkopeshaji kuichukua bila kupitia korti, kwa hivyo usome leo, si siku ya kuchukuliwa.

Na polisi? Deni la mkopo si kosa la jinai, na kazi ya polisi si kukusanya madeni. Jela ya madeni bado ipo kwenye sheria zetu, lakini huja baada ya hukumu na baada ya wewe kuitwa ueleze kwa nini hulipi. Korti hutaka kuona kama una uwezo na unakataa tu. Mwaka wa 2010 jaji wa Mahakama Kuu alisema kumfunga mtu kwa deni kunakiuka mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Baadaye jaji mwingine hakukubaliana na msimamo huo. Basi anayekuambia utafungwa kesho anakudanganya, na anayekuambia haiwezekani kabisa pia amekosea.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, na kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa mambo ya aina hii. Kama shemeji yako au mwalimu wa mtoto ameanza kupigiwa simu kuhusu deni lako, mwambie asifute ujumbe. Piga picha za skrini, andika tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna na kwa Benki Kuu.

Ukiwa tayari kulipa, omba kwanza taarifa ya deni: ulikopa ngapi, riba ngapi, umelipa ngapi. Mkikubaliana kiasi cha kila mwezi, wakutumie makubaliano hayo kwa maandishi. Tuma kwa Paybill ya mkopeshaji mwenyewe, na kabla ya kuthibitisha malipo soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu, simamisha hapo. Kama pesa zimeshaenda, pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kwa sababu zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha.