Lala Salgaa, Uione Kenya

Wageni wengi huiona Salgaa kupitia dirisha la gari. Maduka yaliyopangana kando ya lami, hoteli za chakula, malori mia moja hivi, kisha basi limeshaanza kupanda mlima kuelekea Sachangwan. Anayeniuliza aanzie wapi kuizunguka Kenya, mimi humwambia ashuke hapa na alale, kabla hajalipia kiingilio cha mbuga yoyote. Mbugani ataona wanyama. Salgaa ataona jinsi nchi hii, pamoja na majirani zake, inavyopata mafuta, mchele, saruji na mitumba.

Kituo hiki kiko yapata kilomita 30 kutoka jiji la Nakuru, kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba. Mizigo mingi inayoshushwa bandarini kwa ajili ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupita hapa. Mji ulikua kwa sababu ya mlima. Anayetoka Nairobi ana mpando mrefu wa Mau Summit mbele yake; anayetoka Malaba ndio kwanza ameumaliza mteremko, na breki zake zina moto. Kila mmoja ana sababu ya kuegesha.

Fika kabla ya jua kutua, keti nje ya hoteli, agiza chai. Lori likiingia, turnboi, msaidizi wa dereva, huruka chini kabla halijatulia vizuri, akasukumia kigingi chini ya gurudumu, kisha akazunguka trela akigonga tairi moja baada ya nyingine kwa kipande cha chuma. Tairi iliyojaa upepo hudundisha chuma kwa mlio mkavu. Iliyopungua hutoa mlio mzito, na chuma hakidundi. Akisikia mlio huo huinama kutafuta msumari. Dereva naye hupita akisogeza kiganja karibu na magurudumu, bila kugusa, kupima joto. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo inayobeba maisha ya watu wote walio mbele yake barabarani, na ninawaheshimu sana wanaoifanya bila kuruka hata tairi moja.

Ukitaka kuzungumza nao, anza na salamu: "Habari ya safari, dereva?" Ngoja ajibu na apumue. Picha iombe baadaye. Halafu uliza hali ya barabara huko atokako. Utaambiwa pa ukungu, palipokatika kwa mvua, na mpakani foleni ikoje, tena na mtu aliyepita huko asubuhi ileile. Kula wanapokula wao pia. Pale wateja wanapomiminika, ugali, matumbo na sukuma wiki haviwahi kupoa jikoni, na mama mwenye hoteli hukuongezea mchuzi bila kuombwa.

Sasa usalama, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiihii, wakafa watu 36. Baadaye vizuizi viliwekwa kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Lakini mlima haujaondoka. Mbele zaidi, kwenye njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori liliwavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara, likaua zaidi ya 50.

Lori linaloshuka likiwa kwenye gia ndogo huzuiliwa na injini. Dereva akiweka nyutro ili aokoe mafuta, uzito wote huangukia breki. Breki zikishika moto, hazishiki tena gari. Kwa hiyo ukiendesha, shuka kwa gia uliyoweza kupandia, usikae mbele ya trela iliyojaa, na maliza mlima huu mchana. Ukiwa abiria, panda matatu ya asubuhi, na unaponunua karoti au viazi ingia ndani ya soko, usisimame ukingoni mwa lami. Lori la mafuta likianguka, kimbia upande wa pili.

Ukishalala hapa, kuna mengi ya kuona karibu. Alfajiri nenda ukingo wa kreta ya Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, kabla ukungu haujafunika shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi. Molo na Elburgon ni za sweta hata Januari. Kondoo wa Molo ni mtamu kuliko sifa zake.

Kuhusu heroe, usikimbilie Ziwa Nakuru kwa sababu ya picha za zamani. Maji yake yamepanda sana tangu miaka ya 2010, magadi yakapungua nguvu, na mwani ambao ndege hao hula ukapungua. Nakuru nenda kwa ajili ya vifaru na twiga. Heroe wafuate Ziwa Bogoria: rudi Nakuru, shika barabara ya Marigat, uvuke Ikweta hapo Mogotio. Bogoria ina kingo za mwinuko na magadi makali, na chemchemi zake hutokota kiasi cha kuivisha yai, ingawa baadhi zimeshamezwa na ziwa. Kanyaga pale tu anapokanyaga kiongozi wako, maana udongo ulio kando ya chemchemi unaweza kuwa ganda jembamba juu ya maji yanayochemka. Beba maji ya kunywa na kofia, na uanze kurudi saa nane, ili saa kumi na mbili ikukute umeshafika kitandani kwako Salgaa au mjini Nakuru.