Schokland: Kisiwa Kilichoachwa na Bahari

Ukiniuliza mahali pa kwenda na mwenzio Uholanzi, ukiachilia mbali Amsterdam na mifereji yake, nitakutajia Schokland bila kusita. Najua hujawahi kupasikia. Ni kisiwa kilichomo nchi kavu. Ndiyo, umesoma vizuri: ngalawa huihitaji, unakifikia kwa baiskeli, huku na huku mashamba tu.

Zamani hapa palikuwa katikati ya bahari waliyoiita Zuiderzee. Kisiwa kilikuwa kirefu na chembamba, kama kilomita nne hivi kwa urefu, na udongo wake laini ukawa unamegwa na mawimbi mwaka hadi mwaka. Watu walijibanza juu ya vilima vidogo walivyovijenga kwa mikono yao. Kaskazini, Emmeloord, walikaa Wakatoliki. Upande wa kusini, Middelbuurt na Zuidert, Waprotestanti. Kati yao kulikuwa na njia ya mbao, maana ardhi yenyewe ilikuwa tope. Hebu fikiria: kisiwa chembamba kama utepe, lakini kila kundi na kanisa lake! Sisi tunaogombana na wakwe kuhusu ndoa ifungwe wapi, si wa kwanza.

Maisha yalikuwa ya uvuvi na njaa. Dhoruba ya Februari 1825 iliua watu 13 hapo kisiwani. Kwa kijiji ambacho kila mtu ni ndugu au jirani wa mwenzake, 13 si namba, ni msiba wa kila nyumba. Hata hivyo hawakuhama. Mwaka 1834 walijenga kanisa jipya pale Middelbuurt, na mpaka leo limesimama, limezungukwa na ukuta wa magogo uliokuwa ukizuia mawimbi.

Halafu serikali ikachoka. Gharama za kukilinda kisiwa zilikuwa kubwa, watu maskini, na mwaka 1859, enzi za Mfalme Willem III, wakaamriwa waondoke wote. Walikuwa karibu 650. Walilipwa fidia, lakini nyumba zao zilibomolewa, mbao zikapakiwa mashuani. Wengi walienda Kampen, wengine Vollenhove, wengine Volendam. Wakabaki watumishi wachache tu wa serikali, akiwemo mtunza mnara wa taa, kwa sababu meli bado zilikuwa zikikimbilia bandari ya pale wakati wa dhoruba.

Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipopishana, tena kweli kweli, tumesimama pale mbele ya kanisa. Yeye alisema serikali iliwaonea: mtu hang'olewi alikozikwa babu yake. Mimi nikamwambia wewe huna mtoto anayelala na maji mlangoni. Akanionyesha kwenye ramani Urk, kisiwa jirani, ambacho watu wake hawakuhamishwa. Leo Urk ni mji wa wavuvi wenye watu zaidi ya 20,000. Nikakosa la kujibu kwa muda, lakini sikukubali, na bado sijakubali. Urk ina kilima cha udongo mgumu. Schokland ilikuwa inayeyuka chini ya miguu yao.

Kinachouma zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1932 Waholanzi waliifunga Zuiderzee kwa ukuta wa kilomita 32, wenyewe wanauita Afsluitdijk. Kisha wakajenga kuta nyingine ndani yake, wakaweka pampu, wakavuta maji, na mwaka 1942 eneo la hekta 48,000 likawa kavu. Schokland ikajikuta katikati ya shamba. Kumbe ile bahari iliyowafukuza watu ilikuwa imebakiza miaka 83 tu! Mji mkubwa wa nchi hiyo mpya ulipewa jina la Emmeloord, lile lile la kijiji kilichobomolewa. Ndiyo fidia ya Waholanzi hiyo.

Mwaka 1995 UNESCO iliitangaza Schokland kuwa urithi wa dunia, ya kwanza kwa Uholanzi yenyewe. Pale Middelbuurt kuna makumbusho yenye vitu vilivyofukuliwa humu humu, na kule kaskazini utaiona bandari ya zamani ya Emmeloord imekaa kwenye majani, haina hata tone la maji. Wajukuu wa waliohamishwa wana chama chao, wanafuatilia koo zao na kukusanyika. Mtu hajazaliwa pale, baba yake hakuzaliwa pale, lakini bado anajiita Mschokland. Mume wangu alifurahi sana kusikia hilo, akaniangalia kana kwamba ameshinda kesi.

Ila kisiwa bado kinazama. Maji yakishavutwa kwenye mashamba ya jirani, ule udongo laini unakauka na kunywea, na mabaki ya kale yaliyohifadhiwa na unyevu yanaanza kuoza. Kwa hiyo upande wa mashariki mashamba yameachwa yasilimwe, na maji ya ardhini yamepandishwa tena makusudi.

Mkienda, chukueni treni kutoka Zwolle hadi Kampen, kisha baiskeli. Jacket ni lazima hata kiangazi, maana upepo bado unavuma kama vile bahari ipo.