Lulimba: Chanjo ni salama, lakini je, imefika ikiwa bado baridi?

LULIMBA, Fizi – Kwenye kichupa cha chanjo ya surua kuna duara dogo lenye rangi, na ndani yake mraba mweupe. Kichupa kikikaa kwenye joto kwa muda mrefu, mraba huo huanza kuwa mweusi. Ukishalingana rangi na duara, chanjo hiyo haifai kupewa mtoto yeyote. Muuguzi anatakiwa kuitupa, hata kama kina mama wamepanga mstari tangu alfajiri.

Katika Lulimba, wilayani Fizi, mkoa wa Kivu Kusini, alama hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Zoni ya afya ya Kimbi-Lulimba iko mbali na miji mikubwa, karibu na mpaka wa mkoa wa Tanganyika na jirani na machimbo ya dhahabu ya Misisi. Barabara ya kutoka Baraka huharibika vibaya nyakati za mvua, na makundi yenye silaha yamewafanya watu kuhama vijiji mara kwa mara. Chanjo ya surua inatakiwa kubaki kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 safari nzima, kutoka ghala hadi mkononi mwa muuguzi.

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu Februari 2025, shughuli za mkoa zimevurugika, na safari ya dawa na chanjo kuelekea kusini imezidi kuwa ngumu.

Huku hayo yakiendelea, kina mama wanauliza maswali ambayo wazazi huuliza kila mahali: Chanjo hii haitamdhuru mtoto? Mbona mtoto wa jirani alipata homa baada ya kuchanjwa? Tafiti za miaka ya karibuni zina majibu, na baadhi yake zimefanyika hapa hapa Congo.

Tafiti zinasema nini

Chanjo ya surua imetumika tangu 1963. Madhara yake yanajulikana vizuri. Baadhi ya watoto hupata homa kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya kuchanjwa, na wachache hutokwa na vipele vinavyopotea vyenyewe. Degedege litokanalo na homa hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 3,000 hadi 4,000, na kwa kawaida haliachi ulemavu. Mzio mkali ni nadra sana, karibu mtoto 1 kati ya milioni, na ndiyo sababu wazazi huombwa wasubiri kidogo kituoni kabla ya kurudi nyumbani.

Uvumi kwamba chanjo hiyo huharibu akili ya mtoto ulitokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyochapishwa 1998 katika jarida la The Lancet. Jarida hilo liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461 kwa miaka mingi. Hawakuona tofauti ya usonji kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa.

Mwaka huo huo, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha jambo lingine. Watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa walipimwa damu kabla na baada ya kuugua surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya askari wa mwili waliokuwa wakiwalinda dhidi ya magonjwa mengine. Maana yake ni kwamba surua ikipita, mtoto huachwa wazi kwa nimonia na kuhara hata baada ya vipele kukauka.

Congo inaufahamu ugonjwa huu kwa machungu. Kuanzia 2019 hadi katikati ya 2020, surua iliua zaidi ya watu 7,000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Katika kipindi hicho hicho dunia ilikuwa ikiitazama Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ambayo iliua watu 2,287 na kugusa hata Mwenga, Kivu Kusini, Agosti 2019.

Mlipuko huo wa Ebola nao uliacha somo kuhusu chanjo. Uchambuzi wa takwimu zake, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, ulikadiria kwamba chanjo ya Ervebo ilipunguza hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 84. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo uliwaangalia waliougua: kati ya wasiochanjwa walikufa asilimia 56, na kati ya waliochanjwa asilimia 25.

Makosa ya mkono wa mtu

Hata hivyo, kusema chanjo ni salama hakutoshi. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi uligundua kwamba chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Sindano moja ilikuwa imetumika kuchanganyia dawa kwa siku nne, chanjo zilikaa siku hizo zote bila baridi, na waliochanja hawakuwa wamefundishwa. Dawa iliingia vijidudu, ikawa sumu.

Kisiwani Samoa, Julai 2018, watoto wawili walikufa kwa sababu wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake maalumu. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, na wazazi wakaingiwa na hofu. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Watu 83 walikufa, wengi wao watoto wadogo.

Kosa la kituo kimoja liliua wawili. Hofu iliyofuata ilifungua mlango kwa vifo vingi zaidi. Kwa mahali kama Lulimba, mafunzo ya muuguzi na barafu kwenye kisanduku ni sehemu ya usalama wa chanjo sawa na kazi ya maabara.

Dozi kumi, watoto watatu

Kuna tatizo lingine ambalo kina mama wa vijijini wanalijua. Kichupa cha surua kwa kawaida huwa na dozi kumi. Kikishachanganywa na maji, kinatakiwa kutumika ndani ya saa sita, kisha kinachobaki kutupwa. Wakija watoto watatu tu, muuguzi hujiuliza kama afungue kichupa na kupoteza dozi saba. Mara nyingine mama huambiwa arudi siku nyingine.

Kwa mama aliyetembea nusu siku akiwa na mtoto mgongoni, kurudi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa dozi zilizomwagwa zina gharama ndogo kuliko mtoto aliyekosa kinga. Lakini muuguzi asiyejua shehena nyingine itafika lini huona vigumu kuufuata ushauri huo.

Mpox ya machimboni

Swali la chanjo limerudi pia kwa sababu ya mpox. Aina mpya ya virusi hivyo, iitwayo Ib, ilianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya jirani ya Mwenga, Septemba 2023. Watafiti waligundua kwamba ilikuwa ikienea kutoka mtu hadi mtu, hasa kwa ngono, katika mji wenye wachimbaji wanaohamahama. Wakazi wa Misisi wanaweza kuyaona maisha yao wenyewe katika maelezo hayo. WHO ilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 na kuiondoa Septemba 2025.

Congo ilianza kuchanja Goma tarehe 5 Oktoba 2024 kwa chanjo ya MVA-BN. Virusi vilivyomo ndani yake haviwezi kuzaana katika mwili wa binadamu, na ndiyo maana inaweza kutolewa hata kwa mtu mwenye kinga dhaifu. Chanjo nyingine, LC16 ya Japani, hutolewa kwa kuchoma ngozi kidogo na inaruhusiwa kwa watoto, lakini haifai kwa wajawazito wala wenye kinga dhaifu. Wazee wa Fizi wenye kovu la ndui begani wanaijua njia hiyo: chanjo za aina hiyo ndizo zilizoiondoa ndui duniani kufikia 1980.

Kibandiko badala ya sindano

Matumaini ya baadaye yanatoka Gambia. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2024 ulijaribu kibandiko kidogo chenye vijisindano visivyoumiza, kinachobanwa kwenye ngozi. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga waliopewa walipata kinga ya surua kwa dozi moja, na hakukuwa na tatizo kubwa la usalama. Kibandiko hakihitaji kuchanganywa na maji, na kinatarajiwa kuvumilia joto kuliko kichupa. Majaribio makubwa zaidi bado yanahitajika kabla hakijafika vituoni.

Hadi hapo, mama wa Lulimba ana haki ya kuuliza mambo manne kabla ya mtoto kuchanjwa: aonyeshwe mraba ulio kwenye kichupa, aambiwe chanjo imechanganywa saa ngapi, sindano mpya ifunguliwe mbele yake, na aelezwe afanye nini homa ikija usiku. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hatakasirika kwa maswali hayo. Atakigeuza kichupa, na wataangalia pamoja kama mraba bado ni mweupe.