Usanidi Uliohifadhiwa Ndani ya Kiini: Maana, Kazi na Matumizi

Kiini (ngeli ya KI-VI, wingi: viini) ni sehemu ya ndani na ya msingi ya kitu: kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha mgogoro. Katika taaluma ya kompyuta, neno hili hutaja programu ya msingi ya mfumo wa uendeshaji, ambayo hugawa kumbukumbu, hupangia programu nyingine zamu na huwasiliana na vifaa. Makala haya yanaeleza dhana inayowatatiza watafsiri wengi: usanidi wa kiini unaohifadhiwa ndani ya kiini chenyewe ili kurahisisha utafutaji wa hitilafu.

Kusanidi na kusanifu

Vitenzi hivi visichanganywe. Kusanifu ni kubuni au kutunga kwa ustadi. Kusanidi ni kuchagua na kupanga namna programu itakavyofanya kazi. Msanifu wa kiini huamua umbo lake. Anayekisanidi huchagua sehemu zipi za msimbo ziingizwe kabla ya kukiunda.

Jinsi usanidi unavyoandikwa

Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kina maelfu ya machaguo. Majibu yake huandikwa katika faili iitwayo .config. Machaguo mengi huwa na hali tatu: y, yaani sehemu imeingizwa ndani ya kiini, m, yaani imeundwa kama moduli ya kupakiwa baadaye, au haikuchaguliwa. Hali ya tatu huandikwa hivi:

# CONFIG_IKCONFIG is not set

Alama iliyo mwanzoni huwafanya wanafunzi wadhani kuwa mstari huo ni maelezo tu. La hasha: zana za usanidi huusoma kama jibu kamili la “hapana”. Mtafsiri asiufasiri wala kuufuta, auache ulivyo.

Kwa nini uhifadhiwe ndani

Kompyuta mbili zaweza kuwa na viini vya toleo moja vyenye tabia tofauti, kwa kuwa vilisanidiwa tofauti. Hitilafu inaporipotiwa bila usanidi, mhandisi aweza kupoteza siku nzima akichunguza msimbo ambao haukuwahi kuingizwa. Nayo faili ya .config hupotea kwa urahisi, au hubadilishwa kiini kingine kinapoundwa. Mifumo kama Debian huweka nakala katika saraka ya /boot, lakini hiyo ni faili ya pembeni, na yaweza kutenganishwa na kiini chake.

Chaguo la CONFIG_IKCONFIG huondoa shaka hiyo kwa kuingiza nakala iliyobanwa ya usanidi katika kiini. Likiambatana na CONFIG_IKCONFIG_PROC, kiini kinachoendeshwa huonyesha nakala hiyo kupitia /proc/config.gz, nayo husomwa kwa amri ya zcat. Kompyuta ikikataa kuwaka, hati ya scripts/extract-ikconfig huichomoa nakala kutoka katika faili ya kiini. FreeBSD nayo ina chaguo la INCLUDE_CONFIG_FILE. Usanidi wake husomwa kwa config -x.

Hata hivyo, nakala hiyo haielezi kila kitu. Haionyeshi mabadiliko yaliyofanywa katika msimbo chanzo, wala vigezo ambavyo kiini kilipewa wakati wa kuwashwa.

Tanbihi kwa watafsiri

1. Tumia “ndani ya kiini” pale tu chaguo lilipo y. Likiwa m, nakala hukaa katika moduli iitwayo configs, na haionekani katika /proc mpaka moduli hiyo ipakiwe. Kuandika “ndani” hapo ni kumpoteza msomaji.

2. Tofautisha kutafuta hitilafu na kutatua hitilafu. Usanidi uliohifadhiwa husaidia kutafuta, hauponyi chochote.

3. Majina ya machaguo, faili na amri hayatafsiriwi.

Mifano ya matumizi

• Ambatisha usanidi wa kiini chako kwenye ripoti ya hitilafu.
• Kiini hiki kilisanidiwa bila uwezo wa kutumia Bluetooth.
• Viini hivi viwili ni vya toleo moja, ila usanidi wake haulingani.