Taa ya jua kwa vyombo vya zamani: nini tuokote, nini tununue



Mu vijiji vingi vya kwetu Kivu umeme haujafika, na mu miji unakatika saa ile ile tunafungua madaftari. Ndiyo maana wengi mumetuuliza: mtu hana franga mingi, anaweza kuweka umeme wa jua ku nyumba? Sisi wa mwaka wa sita tunajibu: ndiyo, kwa vyombo vya okazio. Lakini kuna vyombo vya kuokota, na kuna vya kununua vipya hata kama tuko maskini. Mwenye kuvichanganya anaweza kuchoma nyumba.

1. Hesabu kwanza

Mu Luka sura ya 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu mwenye kujenga mnara: kwanza anakaa na kuhesabu. Sisi vile vile. Ampuli 3 za LED, kila moja wati 3, zikiwaka saa 5: 3 x 3 x 5 = 45. Telefone mbili, tuseme 30. Jumla ni wati-saa 75 kwa usiku mmoja. Fer ya kupiga pasi ao reshoo, tusahau kabisa.

2. Batri ya motokari (ya kuokota, lakini ipimwe)

Ndani ya batri ya volti 12 kuna vyumba 6, kila kimoja karibu volti 2. Tuijaze, tuitoshe ku chaji, ilale usiku mzima, kisha tupime asubuhi. Ikionyesha 12,6 iko muzima. Ikishuka mpaka 10,5 chumba kimoja kimekufa, tuiache.

Kisha tuiunge na ampuli ya far ya motokari, wati 55. Ile inakula karibu ampere 4 na nusu. Ikiwaka saa 4 mbele volti ishuke ku 11,5, batri imetoa 4,5 x 4 = ampere-saa 18, ni kusema karibu wati-saa 216. Kila usiku tutumie nusu tu, 108, sababu batri ya risasi ikimalizwa kila siku inakufa upesi. Sisi tunahitaji 75: inatosha.

3. Plake ya jua (ya kuokota)

Plake ya volti 12 iko na vipande 36 vimefuatana kama mnyororo. Saa sita ya mchana, bila kuungwa na kitu, inapaswa kutoa volti 20 na zaidi. Plake ya wati 30, jua kali saa 4, inatoa 120. Hata kama sehemu inapotea njiani, 75 zetu zinapatikana. Vitre ikipasuka, tuzibe na silikone maji yasiingie. Tusiweke chini ya muavoka: kivuli ku kipande kimoja kinazuia mnyororo wote. Sisi tuko karibu na ekweta, basi tuilaze karibu sawa, tuiinamishe digri 10 hivi ili mvua ioshe vumbi.

4. Vyombo vya kununua vipya

Viko viwili. Cha kwanza ni regilateri: inazuia batri kupita volti 14,4 hivi, bila yeye maji ya batri yanachemka na kukauka. Cha pili ni fizibu, karibu kabisa na + ya batri. Nyaya mbili zikigusana, batri ya motokari inaweza kutoa ampere mamia kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama makaa, na nyumba zetu nyingi ni za mbao. Fizibu ya ampere 10 inakatika mbele ya waya kuwaka. Asiweke mtu kipande cha waya ku fasi yake!

5. Mambo ya kukataa

Batri isikae ku chumba cha kulala, wala karibu na buji ao mbabula: ikijazwa inatoa gazi yenye kuwaka. Tuiongeze maji ya distile tu, si asidi. Na zaidi ya yote, tusiivunje kutafuta risasi ya kuuza. Vumbi ya risasi ni sumu. Inaharibu akili za watoto wadogo, na haitoki mu udongo wa kiwanja. Batri ikikufa, tuirudishe nzima kwa wenye kuzinunua. Batri za ordinatere ziko na sheria ingine (volti 4,2 tu kwa kila kipande). Tusizitie ku regilateri hii, zinaweza kuwaka moto.

Wandugu, taa ya kusomea ni kitu kizuri, zaidi kwa sisi wenye kungoja Egzame ya Serikali. Lakini wadogo zetu wanalala mu nyumba ile ile. Mwenye kukosa franga ya fizibu angoje kidogo, asome na taa ya petroli mpaka aipate.