VYAMA VYA SIASA NA KURA ZA AKINA MAMA



Kila uchaguzi unapokaribia hapa Bujumbura, vyama huwapanga akina mama mstari wa mbele. Wanavikwa vitambaa vya chama, wanapiga vigelegele, wanacheza ngoma. Uchaguzi ukipita wanarudi kazini, na hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Wako watakaosema kwamba akina mama wamekwisha kupewa nafasi. Ni kweli. Mwaka 1993 Bibi Sylvie Kinigi alikuwa Waziri Mkuu. Katiba ya 2005 iliagiza wanawake wasipungue asilimia 30 katika Serikali, Bunge na Seneti, na Katiba ya 2018 ililishika agizo hilo. Lakini kuhesabu viti ni jambo moja, na kujua shida za mpiga kura ni jambo lingine. Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza ni uzazi. Zamani mama aliyeshindwa kulipa aliweza kuzuiwa hospitalini pamoja na mtoto wake mchanga. Tarehe 1 Mei 2006, sikukuu yetu ya wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua, na matibabu ya watoto wasiofika miaka 5, ni bure. Hospitali zikajaa mara moja. Shida hiyo ilikuwapo siku zote. Waliokosekana ni wa kuisikiliza.

Wa pili ni shamba. Katika mirathi ya ardhi, Burundi imeiachia mila, na kwa mila warithi ni watoto wa kiume. Binti hupata kipande kwa hisani tu. Mswada wa sheria uliandikwa, ukawekwa kando. Vyama vinaogopa kuugusa visije vikapoteza kura za wanaume. Kura za mabinti wasio na shamba havizihesabu.

Mama anayechuma chai Teza au Rwegura ana kura moja, sawasawa na mkurugenzi. Basi chama kikija kuomba kura tukiulize: Kuhusu mirathi mnasema nini? Kuhusu uzazi? Kuhusu mshahara wa mama kazini? Kisichokuwa na jibu kisipigiwe vigelegele.

Nasi wa chama cha wafanyakazi tujitazame. Tukiitisha mkutano jioni, wakati mama yuko jikoni, kisha tukasema akina mama hawana neno, kosa letu ni lile lile.